Programu ikisema umeibiwa, usikimbilie kumshika mtu

Leo sina dondoo ya kupiga picha za bidhaa, nina la moyoni.

Nauza nguo za watoto hapa Iyunga, oda nyingi ni za WhatsApp, mzigo naupakia basi kwenda Tunduma na Makambako. Mwaka jana programu yangu ya mauzo ilionyesha pungufu ya 46,000. Nikamsema binti aliyekuwa ananisaidia, tena mbele za wateja. Kumbe mtandao ukikata ukabonyeza "hifadhi" tena, mauzo yale yale yanaingia mara mbili. Hiyo hela haikuwahi kuwepo! Nilimwomba radhi, akapokea, ila kazini hakurudi.

Uingereza ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya 1999 na 2015 wenye vibanda vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa kutegemea hesabu za programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu. Wengine walifungwa. Mahakama Kuu ilikuja kusema 2019 kwamba programu ilikuwa na makosa, na sheria ya kufuta hukumu za mamia yao ikapita 2024. Miaka yote hiyo mtu anaitwa mwizi.

Ndiyo maana namkubali Profesa Engineer Bainomugisha wa Makerere (Engineer ni jina lake, siyo cheo). Yeye na wenzake wa AirQo wanatengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa chafu, vingine wamevifunga kwenye bodaboda za Kampala. Wameviunda vistahimili vumbi na joto la kwetu. Na namba zake hawazimezi hivi hivi, wanazilinganisha na mashine kubwa ya uhakika, kisha wanazisahihisha. Kama mizani yako na Wakala wa Vipimo.

Kwangu mimi programu nzuri siyo yenye rangi za kuvutia, ni ile inayojua bando linaisha katikati ya oda. Ukitengenezewa na kijana wa MUST hapa jirani, kabla hujamlipa zima data katikati ya mauzo, bonyeza hifadhi mara mbili, uone. Akikasirika, shauri yake.

Daftari nimelirudisha kaunta, mtaniita mshamba. Kila jioni nalinganisha daftari, programu na meseji za lipa namba. Zikigoma kulingana naanza na programu, binti wa sasa anamalizia chai yake.

Nani ana programu inayofanya kazi bila bando? Iweke hapo chini.