TAHARIRI: Kalamu Hujibiwa kwa Kalamu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, si mara moja tumesikia, mimbarini na barazani, malalamiko juu ya hadithi na riwaya zinazosimulia mapenzi ya jinsia moja. Malalamiko hayo yana msingi. Hukumu ya sharia katika jambo hili inajulikana, na hatuandiki tahariri hii ili kuijadili upya. Tunaandika kwa sababu namna wengi wanavyozikabili hadithi hizo haizuii lolote, na mara nyingine huingiza katika haramu nyingine.

Tutazame mambo yalivyokwenda. Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alipata Tuzo ya Caine, itolewayo Uingereza, kwa hadithi fupi iitwayo "Jambula Tree", inayohusu wasichana wawili wa mtaa mmoja mjini Kampala. Mwaka 2018 hadithi hiyo ikazaa filamu ya Kenya, "Rafiki", iliyoongozwa na Wanuri Kahiu na kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Aprili mwaka huo ikapigwa marufuku Kenya. Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, na watu wakamiminika kuitazama Nairobi. Wengi waliokuwa hawana habari nayo waliipata habari hiyo kutokana na ile marufuku yenyewe.

Au tumtazame Binyavanga Wainaina, aliyefariki mwaka 2019. Alipata tuzo hiyo hiyo mwaka 2002, na mwaka uliofuata likatoka jarida la Kwani?, alilolianzisha pamoja na wenzake, likawakusanya waandishi vijana. Alipojitangaza Januari 2014 kwamba ni shoga, alikuwa na wasomaji waliokwisha kuizoea sauti yake kwa zaidi ya miaka kumi.

Tunajifunza nini? Kitabu hakimfikii msomaji kwa bahati. Yuko anayeandika, yuko anayehariri, yuko anayetia fedha kuchapisha, na yuko anayekipeleka kwenye tuzo na matamasha. Anayetaka watoto wake wasome kitu kingine, naye hana budi kufanya kazi hiyo yote.

Badala yake, wapo wanaochukua kurasa na vipande vya filamu hizo wakavisambaza kwa simu hadi kwa watoto, wakidai wanatahadharisha. Surat an-Nur, aya ya 19, imewaonya vikali wale wanaopenda uchafu uenee kati ya waumini. Mwenye kueneza kwa jina la kukemea ajihadhari asije akawa miongoni mwao.

Wapo pia wanaotoka kwenye kitabu wakaingia kwenye watu. Kijana hukutwa na riwaya, mara jina lake likazagaa mtaani, akatengwa au akapigwa. Ndugu zetu, huu ni msiba. Surat hiyo hiyo ya an-Nur, aya ya 4, imetaka mashahidi wanne kwa anayewatuhumu wanawake watwaharifu, na asiyewaleta apigwe bakora 80, na ushahidi wake usikubaliwe. Maulamaa wakasema kuwa heshima ya mwanamume nayo inalindwa vivyo hivyo. Surat al-Hujurat, aya ya 12, ikakataza dhana mbaya na kupelelezana. Kitabu mkononi si ushahidi wa jambo lolote ila kwamba mwenye nacho anasoma. Wala hakuna katika dini yetu ruhusa kwa kundi la watu kumpiga mtu au kumwaibisha hadharani, awe msomaji au mwandishi.

Masheikh wetu waliotutangulia walijua njia nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoona Waislamu wanayumba, alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932. Tafsiri ya Qur'ani ya mmishenari Godfrey Dale ilipotoka mwaka 1923, na ya Makadiani mwaka 1953, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar hakutosheka na kulaani. Alikaa akatafsiri, akafafanua, na mwaka 1969 tafsiri yake ikatoka kamili. Leo ni ipi kati ya hizo tatu iliyo majumbani mwetu?

Labda atasema msemaji kuwa hadithi za kubuni ni upuuzi usiomstahiki mwanachuoni. Kisa si kitu kidogo. Mwenyezi Mungu ameteremsha Surat Yusuf, na ndani yake mna matamanio, mlango uliofungwa, hila na kifungo, na hamna hata neno moja ambalo baba ataona haya kulisoma mbele ya binti zake. Hiyo ndiyo shule ya mwandishi Muislamu. Vijana wetu wana maswali juu ya mapenzi, ndoa, upweke na matamanio. Asipowajibu mtu wa nyumbani kwa lugha nzuri, watajibiwa na wa mbali.

Basi tunawausia haya. Kila madrasa itenge saa moja kwa wiki kwa insha na usimulizi wa visa. Kamati za misikiti zitenge sehemu ya fedha zao kwa rafu ya vitabu na kwa kuchapisha kazi za vijana. Mzazi anayekuta kitabu kinachomtia wasiwasi akisome kwanza, kisha akae na mwanawe faraghani, amsikilize kabla ya kumhukumu. Na mwenye kipaji cha kuandika asikifiche. Mola wetu ameapa kwa kalamu katika Kitabu Chake, na hakuapa kwa kitu kisicho na uzito.

Wabillahi tawfiq.