Nyumba ya Zamani Haipewi Kazi Mpya Bila Kuchunguzwa

Katika nchi yetu ya Wamaza, upande wa Kasongo na upande wa Kabambare, nyumba za zamani zinageuzwa. Nyumba ya tofali iliyojengwa kabla ya 1960 ili akae karani na jamaa yake, leo yafanywa shule, dispensari au nyumba ya mikutano. Jambo lenyewe ni jema. Ubaya ni namna linavyofanywa. Mwenye nyumba humwita fundi asubuhi. Jioni ukuta wa kati umekwisha bomolewa. Juma lijalo watoto wanaingia. Hakuna aliyeomba ruhusa. Hakuna mjuzi aliyeitwa kuitazama nyumba. Ukiuliza sababu, utapewa majibu matatu. Basi tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza: «Nyumba hii imesimama tangu wazee wetu, haitaanguka leo.» Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883, wakati wa Sultani Barghash. Ilikuwa jumba la kifalme, kisha ofisi za serikali, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiendelea, sehemu kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Ilikuwa imesimama miaka 137! Umri wa nyumba si ushahidi wa nguvu zake. Maji hupenya ukutani mwaka hata mwaka, na mchwa hula boriti bila kupiga kelele.

Jibu la pili: «Sijengi nyumba mpya, nabadili ndani tu.» Hili ndilo jibu la hatari kuliko yote. Tarehe 16 Novemba 2024, huko Kariakoo, Dar es Salaam, ghorofa yenye maduka ilianguka wakati watu walipokuwa wakichimba chini yake ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Wakafa watu zaidi ya 20. Na katika nchi ya Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilikusudiwa maduka na ofisi, lakini ndani yake viliwekwa viwanda vya kushona nguo, pamoja na mashine nzito na umati wa wafanyakazi. Nyufa zilionekana, watu wakarudishwa kazini vivyo hivyo. Tarehe 24 Aprili 2013 likaanguka, wakafa watu 1,134. Nyumba ni kama mpagazi: aliyezoea kuchukua kilo 20, usimtwike 100 kwa sababu tu jana hakuanguka.

Tena, ule ukuta wa kati unaouita kizuizi, pengine ndio unaobeba paa. Ukiuondoa, paa litaegemea wapi? Na mlango mmoja uliowatosha watu sita, moto ukiwaka, utawatosha watoto mia?

Jibu la tatu: «Ofisini wanataka pesa tu.» Hapa sitawatetea wenye makosa. Mkubwa wa ofisi anayetia muhuri bila kuiona nyumba hakutoa ruhusa. Ameuza karatasi, na damu ikimwagika yeye naye ana sehemu yake. Lakini kosa la karani halikupi wewe haki ya kuhatarisha watoto wa wengine. Katika Kongo yetu liko agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013 juu ya utoaji wa ruhusa ya kujenga. Nenda ofisini pamoja na mashahidi. Lipa kinachopasa, udai risiti. Kisha udai na hili: mjuzi aje, aingie, apande darini, agonge ukuta, achimbe kando ya msingi. Tunachokihitaji ni macho yake kuliko muhuri wake.

Wengine watasema sheria hizi ni desturi za kigeni. Sivyo. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Mwenye kujenga anaamriwa kuzungushia dari ya nyumba yake ukingo, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni: sheria ya ujenzi katika Maandiko Matakatifu! Wala haikuwekwa kwa faida ya mwenye nyumba, bali kwa ajili ya mgeni anayepanda juu bila kujua hatari.

Kwa hiyo yatupasa kushika utaratibu huu. Kwanza mjuzi aitazame nyumba. Ndipo michoro ipelekwe ofisini. Ndipo nyundo ishikwe. Ukuta usivunjwe kabla ya kujua unabeba nini. Dirisha jipya liwekewe kizingiti cha juu chenye nguvu. Milango iwe miwili, nayo ifunguke kwa nje. Boriti iliyoliwa itolewe, isipakwe rangi. Ufa usifichwe kwa sementi, maana ufa ni ulimi wa nyumba: unasema, nasi twaufunga mdomo.

Gharama ipo, sikatai. Lakini kama fedha hazitoshi kuifanya nyumba iwe salama, basi hazitoshi kuifanya shule. Afadhali watoto wasome chini ya mwembe mwaka mmoja zaidi.

Nanyi wazazi, msikae kimya. Kabla ya kuandikisha mtoto katika nyumba iliyogeuzwa, mwulizeni mwenyewe swali moja tu: Nani aliichunguza? Akikosa jina la kutaja, mrudini nyumbani pamoja na mtoto wenu.