Kuuliza si Kukufuru
Bibi harusi husingwa, hufukizwa udi, hufundwa na somo namna ya kukaa na mume. Akisema, "Nasali, lakini moyo una shaka," huambiwa, "Nyamaza, utakufuru!"

Hapo tunakataa, wapenzi. Nabii Ibrahim (a.s.) alimuomba Mola amuoneshe anavyohuisha wafu, ili moyo wake utulie (Suratul Baqara, aya ya 260). Hakufukuzwa, alijibiwa. Masahaba nao walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa nyoyoni mwao hupita mambo mazito kuyatamka; akasema hiyo ndiyo imani ya wazi. Kaipokea Muslim.

Basi sisi nani katupa ruhusa ya kumziba mwari mdomo? Mama, somo, mwacheni aulize. Jibu hamnalo? Mpelekeni kwa mwalimu wa chuoni. Sala ya kuwaogopa wakwe haidumu.