Kila Kipande na Kiandikwe

Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya Uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini mbele ya pwani ya Malindi. Ilikipeleka angani chombo cha Wamarekani kilichopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndani ya chombo hicho mlikuwamo vigunduzi vya eksirei, navyo ni masanduku ya gesi yaliyozibwa kwa bamba jembamba la madini ya berili. Kazi yake ilikuwa kuhesabu miale itokayo mbali kwenye nyota, ambayo haifiki ardhini kwa sababu hewa yetu huizuia. Chombo hicho kilitumika hadi mwaka 1973, na orodha iliyopatikana kwacho ina chimbuko 339 za miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza utafiti huo, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Wengi wetu hulifurahia jina hilo, na ni haki yetu kulifurahia. Lakini mfanyakazi anapaswa kuuliza swali la pili: kazi ya namna hiyo hufanywaje hata isiharibike? Hakuna fundi aliyeweza kupanda angani akakaze skrubu iliyolegea au azibe ufa katika bamba. Kosa lililotoka karakanani lingekwenda juu pamoja na chombo, na lingebaki huko. Kwa hiyo ilibidi kila kipande kikubaliwe au kikataliwe kingali ardhini. Hapo ndipo penye somo kwetu sisi wa Nyegina na wa Mara nzima, watu wa jembe, wa nyavu na wa karakana, ingawa hatuundi vyombo vya angani.

Wenye kuunda vigunduzi vya sayansi leo hii wana desturi moja kubwa: hakuna kipande kisicho na nambari. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kunatengenezwa vigunduzi vipya kwa ajili ya chombo kikubwa kiitwacho ATLAS, na vipande vyake hutoka katika vyuo na karakana za nchi nyingi. Kila kipande kinapozaliwa hupewa nambari yake. Hupimwa urefu na unene, hutazamwa kwa darubini, hupitishwa umeme, hutiwa katika baridi kali kisha katika joto, na kila kipimo huandikwa katika daftari moja la pamoja linalosomwa na wote. Kikisafirishwa, huandikwa kimetoka wapi na kimepokewa wapi. Kikikataliwa, huandikwa kwa nini kimekataliwa. Pakitokea kosa, halitafutwi kwa kukisia. Huulizwa tu: gundi hii ilitoka fungu gani, na vipande vingine vya fungu hilo viko wapi?

Msomaji asidhani kwamba watu hao hawakosei. Tarehe 19 Septemba, 2008, siku tisa tu baada ya mashine yao kubwa yenye mzingo wa kilomita 27 kuwashwa kwa furaha, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa. Tani kadhaa za gesi ya heli zilivuja, sumaku 53 zikalazimika kung'olewa, na kazi ikasimama kwa muda wa zaidi ya mwaka, hadi Novemba 2009. Mashine hiyo ina viungo vya namna hiyo vipatavyo elfu kumi, na ubovu wa kimoja ulitosha kuisimamisha yote. Baadaye wachunguzi walivirudia vipimo vya joto vilivyokuwa vimehifadhiwa, wakaona kwamba dalili za ubovu zilikuwamo kabla ya ajali. Walipovipitia vipimo vya sehemu nyingine, walivigundua viungo vingine vyenye kasoro kabla havijaleta maafa. Basi daftari liliwasaidia, lakini lilisomwa kwa kuchelewa. Daftari lisilosomwa ni karatasi tu.

Huko Japani, tarehe 12 Novemba, 2001, msiba ulikuwa mkubwa zaidi. Chini ya mlima kulikuwa na tangi la maji lenye mirija mikubwa ya kioo ipatayo elfu kumi na moja, iliyowekwa kwa ajili ya kugundua chembe ndogo zitokazo kwenye jua na angani. Tangi lilipokuwa likijazwa maji tena baada ya matengenezo, mrija mmoja ulipasuka, na mshindo wake ukaipasua ya jirani, nayo ikaipasua ya jirani zake. Mirija zaidi ya 6,000 iliangamia. Waliojenga tena waliivika mirija ngao, ili kosa la mmoja lisiwe kifo cha wote. Walikuwa wametambua kwamba haitoshi kupima kipande kimoja kikiwa peke yake, bali yafaa pia kuuliza kitawatendaje wenzake kikivunjika.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1999 soko la Ulaya liliwafungia mlango samaki wa Ziwa Viktoria, baada ya kuenea habari kwamba wako wavuvi waliokuwa wakitumia sumu. Katika ziwa lile walikuwamo waliovua kwa nyavu halali, wakaamka alfajiri na kurudi na sangara safi. Je, mtu huyo angeonyesha nini cha kumtenga na mwenye sumu? Samaki wake aliposhushwa mwaloni alichanganywa na samaki wa mitumbwi mingine, wakapakiwa gari moja, wakafika kiwandani wakiwa mzigo mmoja usio na jina. Kwa hiyo hukumu ilipokuja iliwaangukia wote. Mwenye hatia na asiye na hatia walipoteza soko kwa siku moja, na pamoja nao wachukuzi wa mwaloni na wafanyakazi wa minofu ambao hawakuwahi kuigusa hiyo sumu.

Hiyo ndiyo hasara ya kazi isiyoandikwa: haimfichi mkosaji tu, bali pia humnyang'anya mwema ushahidi wake.

Wazee wa Kanda ya Ziwa waliyajua haya zamani. Wakulima wa pamba walipolalamikia mizani ya wanunuzi, hawakuishia kunung'unika vilabuni. Walijiunga, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Walitaka mizani iwe ya haki, na uzito uandikwe mbele ya macho ya mwenye pamba. Waligawa pamba kuwa safi na fifi, kila moja na bei yake, ili aliyechambua vema asilipwe sawa na aliyechanganya takataka. Kwao kipimo kilikuwa silaha ya mnyonge.

Tunajua kwamba wako wafanyakazi wanaoliogopa daftari. Husema kwamba daftari ni fimbo ya mwajiri, kwamba jina lako likiandikwa kando ya kipande kibovu, mshahara wako utakatwa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Iko mahali ambapo fundi hupewa nondo mbovu na saruji iliyoganda, kisha ukuta ukipasuka hulaumiwa yeye. Lakini tutazame vema: fundi huyo ameponzwa na nini? Ameponzwa na ukosefu wa maandishi. Kama saruji ingaliandikwa ilipopokewa, tarehe yake na hali yake, lawama ingalimwendea aliyeinunua. Daftari la upande mmoja, analoandika msimamizi peke yake na kulifungia kabatini, hilo kweli ni fimbo. Daftari la pande mbili, ambalo mfanyakazi naye hulitia sahihi na kulisoma, ni ngao yake.

Wako pia viongozi wasemao kwamba kupima na kuandika huchelewesha kazi. Hao hupenda kuhesabu: madawati mangapi, mitumbwi mingapi, marobota mangapi. Hatukatai kuhesabu. Lakini dawati lililovunjika baada ya muhula mmoja limehesabiwa mara mbili katika taarifa, na bado mtoto anakaa chini. Saa moja ya kukagua mbao kabla ya kukata ni nafuu kuliko wiki ya kutengeneza upya, na mwenye kulipia wiki hiyo ni mwananchi.

Nchi yetu haina udhuru wa kusema haijui. Shirika la Viwango lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na SIDO ya kusaidia viwanda vidogo ilikuwapo tangu mwaka 1973. Vyombo tunavyo. Kilichobaki ni desturi ya mkono wa kila siku, nayo haiwezi kuletwa kwa gari kutoka Dar es Salaam. Huanzia mwaloni, ghalani na karakanani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila karakana, mwalo na ghala la ushirika liwe na daftari la kupokea na la kutoa, lenye nambari ya fungu, tarehe, kipimo na sahihi mbili. Pili, kitu kilichokataliwa kiandikwe sababu yake, na mfanyakazi asikatwe ujira kwa ubovu wa malighafi ambayo hakuichagua. Anayesimamisha kazi kwa sababu ameona kasoro asifukuzwe, bali ashukuruwe. Tatu, daftari lisomwe mkutanoni kila mwezi, mbele ya wanachama, ili kasoro inayojirudia ionekane ingali ndogo.

Viongozi wa matawi na vyama vya wafanyakazi walichukue jambo hili katika vikao vyao vijavyo. Msimu wa pamba na mzigo wa samaki havitungoji, na mnunuzi wa leo, awe wa Musoma au wa Ulaya, anazidi kuuliza kitu kimetoka wapi na kimepitia mikononi mwa nani. Asiye na jibu atauza kwa bei ya fifi, hata kama alicholeta ni safi.