Goti Linapoa, Moyo Unaumia

Mama mmoja wa makamo alifika dirishani pa duka la dawa akiburuta mguu. Hakutaja jina la dawa. Aligonga goti kwa kidole, akasema, "Ile ya siku zote, baba."

Kijana wa dukani akashika mkasi. Akakata vidonge kumi, akavitia kwenye kibahasha. "Meza baada ya kula, mama." Basi. Hakuuliza kuhusu presha. Mama naye hakuisema. Alipofungua pindo la khanga atoe pesa, humo mlikuwa na vidonge vingine. Vya presha.

Alivyouziwa vilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Na mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina.

Nasema mapema, kabla hatujazika watu. Vidonge hivi vinaweza kuumiza moyo. Wengi huvimeza siku mbili tatu na hawapati neno. Lakini kwa mwenye presha, kisukari, figo dhaifu, au aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, hatari ni kubwa. Tena haingoji miaka. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikaza onyo lake: hatari inaweza kuanza ndani ya wiki za kwanza za kutumia dawa, na inaongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa.

Wiki za kwanza.

Dunia ilikwisha kuonywa kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliondoa sokoni Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyokuwa imemezwa na mamilioni ya watu. Utafiti ulionyesha kwamba walioimeza kwa zaidi ya miezi 18 walipata mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Novemba mwaka huohuo, David Graham wa FDA aliwaambia maseneta makadirio yake: Wamarekani kati ya 88,000 na 139,000 walipata mshtuko wa moyo au vifo vya ghafla vya moyo kwa sababu ya Vioxx.

Vioxx imeondoka. Diklofenaki ipo dirishani.

Mwaka 2013 jarida la The Lancet lilichapisha majumuisho ya mamia ya tafiti. Diklofenaki kwa dozi kubwa, miligramu 150 kwa siku, ilikaribiana na dawa za jamii ya Vioxx kwa madhara ya moyo. Kwa kila watu 1,000 wanaoimeza mwaka mzima, watatu zaidi hupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha aina hiyo. Mmoja wao hufa. Kwa mwenye moyo uliokwisha kuumia, idadi hupanda. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema diklofenaki asipewe mwenye ugonjwa wa moyo, wala aliyewahi kupata kiharusi. Tangu Januari 2015, Uingereza haiuzi vidonge vyake bila cheti cha daktari.

Kwetu inakatwa kwa mkasi.

Inavyoumiza si siri. Kuta za mishipa hutengeneza kemikali inayoiweka wazi na kuzuia damu isigande. Chembe sahani za damu nazo hutengeneza nyingine inayoita damu igande. Dawa hizi huizima ile ya kwanza zaidi, na mizani inaelemea kwenye kuganda. Bonge likikaa kwenye mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Likikaa kwenye ubongo, ni kiharusi. Huku nyuma figo zinabana chumvi na maji, na presha inapanda.

Hapo mama wa pindo la khanga ananitia hofu. Kila siku anameza dawa ya kushusha presha, na kila siku anameza inayoipandisha. Kliniki wanaona presha haishuki. Wanamwongezea dozi. Hakuna anayejua kuhusu goti.

"Meza baada ya kula" ni ushauri wa tumbo. Chai na maandazi havilindi moyo. Hata dawa ya vidonda vya tumbo haiulindi.

Sasa tufanye nini? Sitamwambia mtu avumilie. Maumivu ya viungo yanamnyima mtu usingizi, yanamnyima hata kusujudu. Lakini jina lisomwe kwanza. Tafuta neno Diclofenac kwenye boksi, maana dawa hiyohiyo inauzwa kwa majina mengi, mara nyingine ikichanganywa na parasetamoli. Nimeona watu wakimeza aina mbili wakidhani ni dawa mbili. Ile sindano ya maumivu ya zahanati mara nyingi ni hiyohiyo. Ukikatiwa kipande kisicho na jina, kirudishe.

Kisha sema: "Nina presha." Sema kabla hujaulizwa, maana huenda usiulizwe.

Kwa goti na vidole, anza na jeli ya kupaka. Ni kidogo sana kinachoingia kwenye damu. Parasetamoli haina nguvu sana kwa goti lililosagika, lakini kwa kipimo sahihi huwasaidia baadhi ya watu. Daktari akiona lazima umeze kidonge cha jamii ya diklofenaki, kiwe dozi ndogo kabisa, kwa siku chache kabisa, na presha ipimwe tena. Ibuprofeni pia ni ya jamii hii, na inaweza kuivunja nguvu ile aspirini ndogo ya moyo. Aspirini hiyo usiiache kwa kusoma makala hii. Na kama viungo vinavimba pande zote mbili na asubuhi vinakaza kwa muda mrefu, huenda ni baridi yabisi. Hiyo ina dawa zake za kuizuia isile viungo. Diklofenaki haiizuii. Inanyamazisha tu, na wewe unachelewa.

Wenye maduka, swali moja tu: una presha, sukari au moyo? Halichukui hata muda wa kutafuta chenji.

Kifua kikibana ghafla, jasho jembamba likitoka, pumzi ikikata. Au mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakigoma: usimpe mgonjwa kidonge kingine cha maumivu. Usingoje kukuche. Mpeleke hospitali sasa hivi. Beba na vidonge vyake vyote, hata kile kilichokatwa jina.