Mama mdogo alinyimwa mafao kwa sababu ya mauzo ya WhatsApp

Wauzaji wenzangu mlioko Marekani, leo sina tipsi ya picha wala ya kupanga bei. Naongelea kodi. Najua mshakunja sura, ila someni tu.

Mama mdogo wangu ana miaka 41. Alifanya kazi kiwanda cha nyama 2018 mpaka 2020, akaacha, akaanza kuuza sambusa na vitenge WhatsApp. Wateja kibao, hela inaingia kwa simu, na fomu ya kodi hakuwahi kujaza hata mara moja. Mwishoni mwa 2024 mgongo ukagoma, kusimama jikoni nusu saa hawezi. Akaomba mafao ya ulemavu ya Social Security, akakataliwa.

Alilia, akasema daktari kamwangusha. Nikamwambia hebu lete barua. Mgongo haukutajwa kabisa! Ilisema hana krediti za kutosha.

Yale mafao ni bima, na krediti ndiyo michango yako. Mtu wa miaka 31 hadi 42 anatakiwa awe na 20, alizopata ndani ya miaka 10 kabla ya kuumia. Kwa mwaka hupati zaidi ya 4. Mwaka 2025 krediti moja ilikuwa dola 1,810 za mapato yaliyotangazwa. Kiwandani alipata 12. WhatsApp, miaka minne ya kuamka saa kumi alfajiri, sifuri.

Mtasema asilimia 15.3 ni nyingi. Ni nyingi kweli, hata mimi inaniuma, maana mwajiriwa bosi wake anamlipia nusu na sisi bosi ni sisi wenyewe. Lakini 12.4 kati ya hizo ndiyo bima ya ulemavu na uzeeni. Nionyesheni muuzaji wa sambusa mwenye bima nyingine. Kwa hiyo faida ya mwaka ikifika dola 400, tangaza. Anayekufundisha kuficha hatakuletea uji ukilala kitandani.

Sasa kama barua ya kukataliwa imeshafika, soma sababu kwanza. Rufaa ni siku 60 tangu uipokee, na wanahesabu kwamba imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Usianze ombi jipya kwa hasira, unaweza kupoteza malipo ya nyuma. Omba kesi iangaliwe upya. Wakikataa tena, kuna kusikilizwa na jaji.

Kama shida ni ugonjwa, peleka vipimo vipya na barua ya daktari inayosema kazi gani huwezi, siyo jina la ugonjwa tu. Kama ni krediti kama za mama mdogo, mapato ya biashara yako bado yanaweza kuingizwa, mradi fomu ya kodi ijazwe kabla haijapita miaka 3, miezi 3 na siku 15 tangu mwaka ule uishe.

Tulikaa na daftari lake la oda na meseji za malipo wiki mbili. Mwaka 2021 ulishapita, tarehe 15 Aprili 2025 ndiyo ilikuwa mwisho. Tukajaza 2022, 2023 na 2024, faida kila mwaka ilizidi dola 9,000. Kodi na faini analipa kidogo kidogo. Krediti zimefika 24, rufaa iliingia siku ya 51, na sasa ndiyo wanaangalia mgongo.