REFA, UKIKOSEA USITULIPE, SEMA UMEKOSEA!

Leo hapa hakuna habari za mitihani wala foleni ya chakula. Nina dukuduku tangu juzi jioni, nisipolitoa nitapasuka.

Juzi tulikuwa na mechi ya kikapu. Robo ya nne, dakika nne zimebaki, tunaongoza kwa pointi tatu. Jamaa wa kwao akapanda kufunga, mtu wetu akaruka naye, akaugonga mpira peke yake, safi kabisa. Filimbi! Eti faulo. Uwanja ukalipuka. Nilikuwa benchi, karibu na refa, nikamwona usoni: alijua amekosea. Akauchuna. Mitupo huru miwili ikaingia yote.

Sasa sikilizeni. Dakika haijaisha, mtu wetu akakimbia na mpira akamvaa beki wao kifuani. Beki alikuwa ameshasimama zamani, miguu chini, hajasogea hata inchi. Mtoto mdogo angejua kosa ni la kwetu. Refa akampa faulo yule beki. Ilikuwa ya tano, kwa hiyo nje. Sisi tukashangilia kama wendawazimu, na mwisho wa mchezo tukashinda kwa pointi mbili.

Yule beki yuko mwaka wa mwisho. Ilikuwa mechi yake ya mwisho hapa chuoni, akaimalizia kwenye benchi kajifunika taulo kichwani. Usiku watu wa timu yangu wanasema, "Si alikuwa anatulipa tu?" Hapo ndipo nilipochoka.

Jamani, alikuwa anamlipa nani, na kwa mali ya nani? Deni alilikopa refa, aliyelilipa ni beki ambaye hakuhusika. Kosa la kwanza lilikuwa la macho, na macho ya binadamu hudanganya. La pili lilitoka moyoni. La kwanza nasamehe. La pili sisamehi, hata kama lilinipa ushindi. Wahenga walishasema: kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Na msiniambie sheria haina njia. Sheria za FIBA zina kifungu kizima cha makosa yanayorekebishika. Refa akitoa mitupo huru isiyostahili, akanyima inayostahili, akamruhusu mtu asiye sahihi kurusha, au akahesabu pointi kimakosa, anaweza kurekebisha, mradi kosa ligunduliwe mapema: saa ikishatembea na mpira ukafa mara ya kwanza, kabla haujawa hai tena. Karani wa meza akikosea kuandika pointi au faulo, inasahihishwa wakati wowote kabla refa mkuu hajasaini karatasi. Maana yake walioandika sheria walijua kabisa kwamba refa atakosea. Wanaojifanya hawakosei ni marefa wenyewe!

Kweli, faulo ya kuona kwa jicho kama ile ya kwanza haiingii kwenye kifungu hicho. Kwenye viwanja vyetu hakuna hata televisheni ya kurudia picha. Sawa. Basi refa mwite mwenzako, ulizaneni kabla mpira haujaendelea. Ikishindikana, mwambie kocha kwa sauti ya chini, "Ile nimekosea," halafu endelea na mchezo. Inayofuata ipulizie kwa jinsi ilivyo.

Wengine watasema refa akikiri, watu watampanda kichwani. Mbona wakubwa wanakiri? Januari 2023 Lakers walicheza na Celtics kule Boston. Sekunde za mwisho LeBron James alipanda kufunga, Jayson Tatum akampiga mkono, filimbi kimya. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza, Celtics wakashinda 125 kwa 121. Baada ya mechi marefa wakakubali kwamba ilikuwa faulo, na chama chao kikakiri hadharani. Matokeo hayakubadilika, lakini hakuna aliyeachwa ajione chizi. Tena NBA tangu 2015 wanatoa ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizobanana, maamuzi sahihi na mabovu yote yanaanikwa. Na ligi bado ipo, marefa bado wanapuliza.

Kuna kubwa zaidi. Desemba 2007 meza ya Atlanta Hawks ilimhesabia Shaquille O'Neal wa Miami Heat faulo ya sita wakati alikuwa na tano, akatolewa. Ligi ikaamuru sekunde 51.9 za mwisho zirudiwe, zikachezwa Machi 2008. Shaq mwenyewe alikuwa ameshahamia Phoenix! Mnacheka, lakini hapo kosa lilirekebishwa palepale lilipotokea, bila kumuumiza mtu wa pembeni.

Na sisi wachezaji tusijifanye malaika. Nimewahi kushika filimbi kwenye mechi ya mwaka wa kwanza. Nilitukanwa hadi ukoo wangu, na kishawishi cha "kulipa" nakijua, maana ukilipa kelele zinahama upande. Ndiyo maana refa akisema amekosea, kazi yetu ni kunyamaza na kurudi kukaba. Tukimzomea aliyesema kweli, kesho atauchuna, na hatutakuwa na haki ya kulalamika.

Jana nimemtafuta yule beki pale vimbwetani. Nikamwambia faulo ile haikuwa yake, na ushindi ule tunaujua wenyewe. Akacheka kidogo, akasema, "Afadhali umesema wewe." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mwenye kusema hakuwa mimi.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, matusi abaki nayo.